Njegere za Terowie

Merridy Zwar alivuka barabara kuu ya Terowie na vijiko kumi na viwili vya bibi yake, mfuko wa njegere kavu na kopo la vizibo vya bia, bila kutazama kulia wala kushoto. Gari la kumgonga lingetoka wapi? Terowie ya mwaka 1986 ilikuwa na maduka arobaini yaliyofungwa na moja lililo wazi, na hilo moja lilifunguliwa pale tu mwenyewe akijisikia.

Vizibo alipewa na Mjomba Rex. Rex alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mtu wa mabega mapana na sauti ya kumwita mbwa kutoka kilima cha tatu. Alichangia vizibo thelathini kwa moyo mkunjufu, maana ilibidi kwanza azinywe hizo bia.

"Nimejitoa mhanga kwa ajili yako, mpwa wangu," alimwambia. "Kichwa kimeniuma siku mbili nzima. Usije ukasema mjomba wako hakukusaidia."

Merridy alicheka kwa pua. Ndivyo alivyocheka siku zote, kwa pua, kichwa chini, nywele zimefunika uso kama pazia. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na watu waliowahi kumsikia akiongea kwa sauti walikuwa watatu, ukimhesabu na mbwa wa Rex.

Ila leo, ndani ya ukumbi wa mji, kulikuwa na mgeni kutoka Adelaide, na mgeni huyo alikuja kwa ajili yake.

Mambo yalianzia shuleni, Peterborough, kwenye klabu ya Ijumaa ya Bi. Pech, mwalimu wa hesabu. Bi. Pech alikuwa ameletewa mchezo wa vita ambao haujachapishwa bado, umetumwa kwa majaribio: ramani kubwa, vikaratasi vya vikosi, kitabu cha sheria. Uliitwa Mlango wa Kaskazini. Ni mwaka 1942, na katika vita hivyo vya kubuni adui ametua Darwin na anashuka jangwani kuelekea Alice Springs. Anayelinda lazima alete askari na mahitaji yao kwa reli kutoka Adelaide kabla adui hajafika. Basi. Mchezo mzuri sana, na Merridy aliucheza mara sita.

Lakini kila mara kulikuwa na kitu kinamwasha kama upupu. Sheria ya reli ilikuwa sentensi moja tu: kila zamu, hamisha vikosi kumi kutoka mji wowote wenye reli kwenda mji wowote wenye reli. Kwenye ramani, mstari mweusi ulitoka Adelaide ukaenda Alice Springs moja kwa moja, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Terowie haikuwepo. Yaani hata nukta!

Sasa Terowie kila mtu anajua, mpaka kuku wanajua, kwamba reli pana kutoka Adelaide iliishia pale pale. Treni ilifika Terowie ikakoma. Ng'ambo ya jukwaa ilisubiri treni nyingine, ndogo, ya reli nyembamba, na kila kitu kilichokuwa kinakwenda kaskazini kilishushwa huku kikapandishwa kule kwa mikono ya watu. Unga, mabuti, risasi, barua, mapipa, farasi mwenye hasira. Vita vizima. Babu yake Merridy alikuwa mmoja wa wapakiaji, na mpaka siku anakufa alikuwa akikaa kwenye kiti upande upande kwa ajili ya mgongo wake. Na huyu bwana wa Adelaide aliyeutunga mchezo anapitisha treni pale kama vile hapakuwa na mtu!

Kwa kuwa hawezi kugomba kwa mdomo, Merridy aligomba kwa kalamu. Aliandika sheria mpya za reli, kurasa nne, akampa Bi. Pech aangalie hesabu tu. Bi. Pech akatia kurasa kwenye bahasha na kuzituma kwa mwenye mchezo bila kumuuliza mtu.

Jibu lilikuwa fupi. Bwana Neville Haddrick angepita Terowie Jumamosi akienda Broken Hill. Ramani yake inaingia kiwandani kuchapwa Jumatatu asubuhi. Kama mchezo utachezeka kwa sheria za Merridy mpaka mwisho kabla ya saa kumi alasiri, Terowie itaingia kwenye ramani. Usipochezeka, mstari utabaki kama ulivyo.

Merridy aliisoma barua hiyo nyuma ya banda la kuku, akaenda kuomba vijiko.

*

Bwana Haddrick alikuwa mrefu, amevaa kaptula na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini kama mkaguzi wa shule. Merridy alizijua vizuri soksi hizo maana ndizo alizozitazama muda wote.

"Wewe ndiye Merridy?"

"Ndiye," alijibu Bi. Pech.

"Huwa anaongea?"

"Akiwa na jambo la kusema. Tofauti na sisi wengine."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Habari za mgeni zilizunguka mji mzima kabla ya chai ya asubuhi, mji wenyewe si mkubwa, na watu ishirini na kitu walikuja, kila mmoja na sahani yake imefunikwa kitambaa: keki za chokoleti zilizoviringishwa kwenye nazi, mikate ya nyama ya kuoka, mayai, biskuti za shayiri. Bibi Dulcie, bibi yake Merridy, alikuwa ameshalikamata birika kubwa la chai na hakuna aliyethubutu kulisogelea.

Merridy alipanga vitu vyake, Bi. Pech akisoma sheria kwa sauti. Meza ya huku ni reli pana: vifuniko vya chupa za jamu ndiyo mabehewa, njegere ndiyo mzigo, vifungo vya mashati ndiyo askari. Meza ya kule, hatua nne mbele, ni reli nyembamba: behewa lake ni kizibo cha bia, kinachukua njegere nne tu. Hatua nne za sakafu katikati ni jukwaa la Terowie. Njegere lazima ivushwe kwa kijiko, moja moja, bila kushikwa na mkono. Ikidondoka, imepotea. Kila zamu ni saa ya mchanga ya kuchemshia mayai, dakika tatu. Wapakiaji ni wawili. Askari hapandi treni ndogo mpaka njegere zake nne zimepanda. Na Alice Springs ni meza ya tatu, mwishoni mwa ukumbi, karibu na piano, ambako Mjomba Rex, adui wa siku hiyo, alikuwa anashuka na jeshi lake huku anakula yai.

"Mimi nitalinda," alisema Bwana Haddrick. "Nataka nione mwenyewe."

"Utaona kweli," alisema Rex. "Kaa karibu na mlango, bwana, utakimbia vizuri."

Wapakiaji walikuwa Bi. Pech na mama mwenye posta. Mchanga ulianza kushuka. Walikwenda na vijiko, wamejikaza, ndimi nje, kama watoto kwenye mashindano ya shule. Watu walipiga makofi. Njegere kumi na tisa zilivuka, mbili zikapotelea chini ya piano.

Zamu ya pili, kumi na saba. Makofi yakapungua. Zamu ya tatu, mama mwenye posta alipiga chafya.

Zamu ya tano ilipoisha, upande wa Terowie vifuniko vya jamu vilikuwa vimerundikana kama vyombo vichafu, askari ishirini na wanane wamekaa juu ya trei wanangoja, na Alice Springs walikuwa wamefika askari kumi na wawili. Watu walikuwa wameanza kuongelea mvua.

"Haya jamani, nani mwingine anapiga miayo?" aliita Rex. "Mimi nimebakiza zamu mbili nifike. Nitawangoja au nianze kunywa chai?"

Bwana Haddrick aliweka penseli chini. Hakuwa mtu mbaya, hilo Merridy alilisema hata baadaye. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na pazia la nywele.

"Binti, nikwambie ukweli. Umefanya kazi kubwa, na naamini ndivyo ilivyokuwa. Lakini mchezo ni kuchagua. Mtu anacheza ili aumize kichwa: nifanye hili au lile? Hapa sichagui kitu. Nasubiri. Na kusubiri si mchezo, kusubiri ni hospitali."

Akaanza kuikunja ramani.

Merridy alitaka kumwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwamba babu yake hakuchagua mgongo ule. Badala yake aliangalia ramani ikikunjwa: pindo la kwanza likaifunika Adelaide, la pili likakaribia pale ambapo Terowie ingekuwa, na machozi yakaanza kumsogelea. Akajikaza. Kulia mbele za watu ni kubaya kuliko kuongea.

Hapo ndipo Bibi Dulcie alipopita na chai ya mgeni. Akasimama. Akaitazama trei yenye vifungo.

"Hawa nani?"

"Askari, mama," alisema Bi. Pech. "Wanasubiri treni."

"Wanasubiri wamekaa?"

"Eeh. Wamekaa."

"Nani kawaambia wakae?"

Bi. Pech alimtazama Merridy, Merridy akaitazama sakafu. Bibi aliiweka chai chini, na Bibi akiiweka chai chini ujue kuna neno.

"Mwaka arobaini na mbili mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilisimama kwenye jukwaa lile kila siku ya Mungu. Sikumwona askari amekaa. Sajenti angemla mzima! Treni ikisimama, wanashuka mia mbili, wanapanga mstari kutoka behewa hili mpaka lile, na mzigo unapita mkono kwa mkono, na nyimbo wanazoimba siwezi kuziimba hapa mbele ya mchungaji."

"Ziimbe tu," alisema mchungaji kutoka nyuma.

"We Merridy, mjukuu wangu, babu yako alikuwa na nguvu, sikatai, la sivyo nisingeolewa naye. Lakini yeye na wenzake thelathini wangehamisha vipi vita vizima peke yao?"

"Sasa Bibi," Rex akadakia, "kama walikuwa mia mbili, kwa nini treni zilichelewa vile?"

"Kwa sababu walikula! Mtu kabeba magunia kwa saa nne, utampandisha treni ya siku mbili na tumbo tupu? Nilikuwa nasimama mlangoni, hivi, na mwiko. Hakuna anayepanda bila kula! Hata kanali. Na chakula tulikitoa wapi? Kwenye mabehewa yale yale." Alishusha sauti. "Tulikuwa tunafungua magunia yao wenyewe. Hilo msiliseme nje, sijui kama serikali imeshasamehe."

Ukumbi mzima ulicheka. Merridy peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia vifungo. Siku zote hizi, kurasa nne zote, aliwahesabu askari kama njegere kubwa. Mzigo. Kitu cha kupakiwa. Yeye, mjukuu wa jukwaa lile lile!

"Wana mikono," alisema.

Sauti ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. Watu waligeuka kumtafuta mwenye sauti, maana hawakuwa wameijua.

"Nini?" alisema Bwana Haddrick.

"Askari. Wana mikono." Merridy alichukua kifungo kimoja kwenye trei. "Kila askari anayengoja Terowie ni kijiko kimoja. Ukitaka. Ukimwambia abebe, kijiko kinaongezeka. Lakini lazima ale. Njegere moja kwa kila kijiko, inatoka kwenye mzigo wako mwenyewe, inakwenda kwenye sahani ya Bibi. Na akifika Alice amechoka. Zamu ya kwanza hawezi kupigana."

"Na nikimwacha akae?"

"Hali kitu. Hachoki. Lakini anachelewa."

Mkono mmoja wa Bwana Haddrick ulikuwa bado umeshika pindo la ramani.

"Kwa hiyo nikiwa na askari ishirini," alisema taratibu, "naweza kuwatumia kumi wabebe, kumi wapumzike. Au wote wabebe, wafike upesi, wafike hoi, na mzigo umeliwa. Au..." Alijikuna kichwa. "Aisee. Sijui ningefanyaje."

"Mimi pia sijui," alisema Merridy.

"Ndiyo maana yake! Hujui!" Akaikunjua ramani kwa kishindo, chai ikamwagika. "Saa ngapi sasa? Saba kasoro. Tuanze upya. Nani ana vijiko?"

*

Vijiko kumi na viwili viliisha mara moja. Watu wakaingia jikoni mwa ukumbi wakatoka na vijiko vya chai, vya supu, na mzee mmoja fundi saa akaja na kibano chake. Rex akapinga kibano kwa nguvu zote.

"Hicho ni chombo cha kitaalamu! Naomba kikataliwe!"

"Wewe ni adui," alisema Bi. Pech. "Adui haombi kitu."

Kibano kikakataliwa hata hivyo, na fundi saa akapewa kijiko cha haradali.

Ilibidi mtu asimame juu ya kiti ageuze saa ya mchanga na kutangaza zamu. Merridy alimtazama Bi. Pech, Bi. Pech akatazama dari. Basi akapanda. Kutoka juu ya kiti watu wanaonekana wadogo kidogo, na nywele zao zina mba kama za kila mtu, na hilo lilimsaidia.

"Zamu ya kwanza," alisema.

"Hatusikiiii!" aliita Rex.

"ZAMU YA KWANZA!"

Jamani, zile mbio. Bwana Haddrick aliwaweka askari sita wabebe, na watu wanane wakavuka hatua nne zile na njegere zinatetemeka vijikoni. Mama mwenye posta alikuwa ameshapata ujuzi, anateleza kama yuko kwenye barafu. Mchungaji aligongana na mwenye duka, njegere mbili zikaruka, na Bluey, mbwa wa Rex, akazimeza kabla hazijatulia sakafuni.

"Hujuma!" alipiga kelele Rex kwa furaha. "Huyo ni jasusi wangu! Nimemlipa kwa mifupa!"

"Andika," Bwana Haddrick alimwambia Bi. Pech. "Njegere mbili, zimeliwa na jasusi."

Kila zamu alizunguka meza ile anajisemesha. Wabebe wanane? Kumi? Sahani ya Bibi ilikuwa inajaa njegere za mlo, na kila ilipoongezeka moja alishika kifua kama mtu anayenyang'anywa. Zamu ya nne aliwabebesha askari wote, kumi na wanne, ukumbi ukageuka soko. Zamu ya tano jeshi hilo likafika Alice Springs limechoka hoi, na Rex akalipiga likarudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa meza.

"Wamelala!" Rex alicheka. "Nimewakuta wamelala na mabuti!"

"Umewachosha mno," mwenye duka alimlaumu Bwana Haddrick. "Ungewapumzisha watano."

"Wewe nawe, mara ya kwanza ulisema niwabebeshe!"

"Mimi? Nilikuwa naongea na mbwa."

Akajifunza. Zamu ya sita alipumzisha nusu. Zamu ya saba alianza kuhesabu kwa vidole, soksi moja imeshuka mpaka kifundoni na hakujali. Mzigo ulipanda kaskazini kama maji kwenye bomba. Rex akasimamishwa nje ya Alice Springs, akasukumwa hatua moja nyuma, ya pili, na yai la tatu halikulika. Ukumbi mzima ulikuwa upande wa Bwana Haddrick. Watu waliokuja kupiga miayo walikuwa wanabishana kuhusu njegere kama vile mvua imeshanyesha.

Merridy juu ya kiti alikuwa ameona jambo. Aliliona tangu zamu ya tatu. Lilikuwa ukurasa wa tatu wa sheria zake, mstari wa mwisho, Bi. Pech aliusoma asubuhi kwa sauti kubwa. Angeweza kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka siku hiyo, haungekataa. Lakini anayetangaza zamu hamfundishi mchezaji, hiyo si haki, na Mjomba Rex kanywa bia thelathini kwa ajili ya mchezo huu.

"ZAMU YA KUMI!"

"Hii ndiyo yenyewe," alisema Bwana Haddrick. Alikunja ngumi. "Rex, bwana, umekwisha. Askari kumi na sita waliopumzika, wengine kumi na watatu wa kubeba, na mzigo wote. Wapakiaji, tayari? Vizibo!"

Watu kumi na watano walisimama, vijiko juu, kila kijiko na njegere yake. Wakavuka hatua nne. Wakafika kwenye meza ya reli nyembamba wakasimama.

Meza ilikuwa tupu.

"Vizibo viko wapi?" aliuliza Bwana Haddrick.

Mama mwenye posta alinyoosha kidole kuelekea piano. Vilikuwa kule Alice Springs, vyote thelathini, vimepangana vizuri, vitupu, vinang'aa.

"Mbona havijarudi?"

"Ulivirudisha?" aliuliza Merridy kutoka juu.

"Mimi? Si... si vinarudi vyenyewe?"

"Ukurasa wa tatu. Behewa tupu haliji lenyewe. Unatoa zamu moja ya treni ulirudishe. Hukurudisha hata moja."

Mchanga ulikuwa unashuka. Watu wamesimama na njegere zao kama waumini waliosahau wimbo. Rex aliweka yai chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kusogeza vikosi vyake, kimoja, kingine, kingine, akapita lango la Alice Springs, akakaa kwenye kiti cha piano na kupiga noti moja nene kwa kidole.

"Habari za jioni," alisema.

Merridy aliangalia uso wa Bwana Haddrick. Uso ulikuwa mwekundu. Mdomo ulikuwa umekaza. Basi, aliwaza, nimeharibu, mtu mkubwa ameaibishwa na vizibo vya bia mbele ya mji mzima, atachukua mstari wake aende. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa.

Halafu soksi ya pili ikashuka. Bwana Haddrick alikuwa anatikisika. Alicheka bila sauti kwanza, kisha na sauti, mpaka akashika meza, mpaka akafuta macho kwa tai ya mchungaji.

"Miaka kumi na minane natengeneza michezo ya vita," alisema alipopata pumzi. "Nimeshindwa kwa vifaru, nimeshindwa kwa ndege. Sijawahi kushindwa na kosa langu mwenyewe lililokaa mezani mbele ya macho yangu tangu mchana! Mabehewa matupu! Nani anafikiria mabehewa matupu?"

"Terowie tunafikiria," alisema Bibi Dulcie. "Ndiyo yaliyotuamsha kila asubuhi, yakirudi. Yanapiga kelele kuliko yaliyojaa."

"Umecheza mpaka mwisho," alisema Bi. Pech kwa upole, akionyesha saa. "Na kabla ya saa kumi."

"Najua nilichoandika, mwalimu." Akaitandaza ramani, ile yenyewe ya kiwandani, juu ya meza ya reli pana, akapangusa chembe za keki, akatoa kalamu ya wino mweusi. Hakumpa Bi. Pech. Aliinyoosha juu, kwenye kiti. "Weka."

Merridy alishuka. Watu walimzunguka mpaka alihisi pumzi zao shingoni, na kwa mara ya kwanza haikumsumbua sana. Aliukata ule mstari ulionyooka. Aliweka nukta. Upande wa kusini akaufanya mstari mnene, upande wa kaskazini mwembamba, na kando yake akaandika TEROWIE kwa herufi kubwa, kubwa mno, zikafunika nusu ya mashamba ya kondoo.

"Umefunika kwangu," alisema mwenye duka.

"Kuna nini kwako cha kufunika?" aliuliza Rex.

Bibi alivaa miwani, akainama. "Ungesogeza kidogo kulia," alisema. Halafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliiweka ncha ya kidole karibu na nukta, bila kuigusa, maana wino ulikuwa bado mbichi.

"Na njegere?" aliuliza Bi. Pech. "Utauza mchezo wenye njegere?"

"Nitatia mfuko ndani ya kila boksi. Kiwanda kitanitukana." Bwana Haddrick alikuwa tayari anakusanya karatasi, anaviringisha ramani kwa uangalifu, anatafuta funguo za gari. "Vizibo ndiyo sijui nitapata wapi kwa wingi."

"Mimi nipo," alisema Rex. "Kwa ajili ya taifa."

"Jamani, asanteni, asanteni, nimechelewa, Broken Hill wananingoja..." Alikwishafika mlangoni, ramani kwapani, kijiko kimoja cha Bibi kimechungulia kwenye mfuko wa shati bila yeye kujua. Bibi alikiona. Alivuta pumzi kumwita.

Lakini kuna aliyemtangulia. Merridy alikuwa amerudi juu ya kiti, hakumbuki alipandaje, nywele zimewekwa nyuma ya masikio, na sauti iliyotoka ilimfanya Bluey asimame wima.

"HAKUNA ANAYEONDOKA TEROWIE BILA KULA!"

Bwana Haddrick aliganda. Aligeuka. Akaangalia kiti, akaangalia meza ya sahani ambazo nyingi zilikuwa bado zimefunikwa vitambaa, akamwangalia Bibi Dulcie, ambaye alikuwa amesimama karibu na birika na mwiko mkononi, umetoka wapi hakuna anayejua.

"Hata mimi?" aliuliza.

"Hata kanali," alisema Merridy.

Akaiweka ramani juu ya piano, mahali pa juu ambapo Bluey hafiki, akavuta kiti.